Machozi Hayalipi Deni la Msanii

JUMATANO ya tarehe 8 Agosti, 2018, Taifa likiwa katika Sikukuu ya Wakulima, Ndugu Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la King Majuto, alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Alikuwa mzaliwa wa Tanga. Alianza kupanda jukwaani angali mtoto, mwaka 1958, na kwa muda wa miaka sitini wananchi walimtambua kwa kazi moja: kuigiza na kuchekesha.

Kutoka Muhimbili hadi Ngara ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Hata hivyo msiba ule haukuwa wa Dar es Salaam na Tanga peke yake. Ulifika Rusumo na Kabanga, ambako nchi inakoma na Rwanda na Burundi zinaanza. Ulifika Rulenge, Benako, Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi, na ulifika Biharamulo mjini. Watu ambao hawajapata kuiona bahari walimlilia mtu wa pwani kama anavyoliliwa mjomba. Na aliyetaka kumkumbuka marehemu hakujisumbua kueleza sura yake, bali aliiga sauti yake. Sauti ile ya kukwaruza, yenye lafudhi ya Tanga, ilimfanya mtu acheke kabla hajaambiwa cha kuchekea. Hata aliyekuwa nje ya chumba, asiyeiona picha, alijua kwamba anayesema ni Majuto.

Swali linalofaa kuulizwa, tena bila kuoneana haya, ni hili: wale waliomlilia walikuwa wamemlipa nini?

KASUMBA YA WASOMI

Kabla ya kulijibu swali hilo, hapana budi kuwajibu kwanza watu wa aina moja. Wako wasomi, wengine maofisini na wengine mbele ya ubao, wanaotikisa vichwa wanapoona msiba wa namna hii. Husema kwamba ni aibu watu wazima kumlilia mchekeshaji, na kwamba machozi yawekwe akiba kwa ajili ya wapigania uhuru, madaktari na wahandisi. Hoja hiyo ina sura ya uzalendo, lakini ndani yake imejaa kasumba. Ni kasumba ileile iliyowafundisha watu kwamba mchezo wa kuigiza ni jambo la heshima ukichezwa na Mwingereza katika ukumbi wenye viti laini, na ni upuuzi ukichezwa na Mwafrika katika uwanja wa vumbi.

Mwalimu Julius Nyerere hakuwa na dharau hiyo. Akiwa amebeba mzigo wa kuongoza nchi changa, alipata muda wa kutafsiri kwa Kiswahili tamthiliya mbili za Shakespeare, ile ya Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Alijua kwamba jukwaa ni mahali ambapo lugha ya Taifa hupimwa nguvu. Ikiwa kiongozi wa nchi hakuona kuwa mchezo wa kuigiza unampunguzia hadhi, karani na mwalimu wanaona hadhi gani inayopungua kwao?

Tena, msomi wa Ngara au Biharamulo ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kumdharau Majuto. Mtoto wa Ngara huzaliwa katika Kihangaza au Kishubi, lugha zilizo jirani na Kirundi na Kinyarwanda. Mtoto wa Biharamulo huzaliwa katika Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Kwa wengi wao Kiswahili kilipitia mlango wa ofisi, wa mahakama, wa kituo cha ushuru na wa darasa. Kilikuwa Kiswahili cha amri: nyosha mkono, lete risiti, panga mstari, njoo kesho. Mtu aliweza kufaulu mtihani wa Kiswahili bila kujua namna ya kumbembeleza mdai, kumsuta jirani, kukwepa swali kwa adabu au kuomba radhi bila kujishusha. Kiswahili cha nyumbani, kinachosemwa jikoni na barazani, hakikuwamo vitabuni. Majuto ndiye aliyekileta.

Jambo hili lina uzito zaidi katika wilaya za mpakani. Kabla ya mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Jukwaa la Taifa lilikuwa redio, na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi katika Radio Tanzania Dar es Salaam viliwakusanya watu wengi kila pembe ya nchi. Lakini kwa mkazi wa Ngara, Kigali na Bujumbura ziko karibu kuliko Dar es Salaam. Mwezi Aprili mwaka huo wa 1994, zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya mkoa. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara kwa ajili ya watu hao. Katika mahali penye misukosuko ya namna hiyo, lugha inayowafanya mwenyeji na mgeni wacheke pamoja imefanya kazi ya kujenga amani, hata kama aliyeifanya hakukabidhiwa barua ya ajira.

Mwalimu wa Kiswahili anafahamu vema kwamba vichekesho ni sehemu ya fasihi simulizi anayoifundisha. Humwandikia mwanafunzi ubaoni kwamba utendaji ndio roho ya fasihi hiyo, yaani sauti, ishara na hadhira. Kisha humpa tamthiliya iliyo kimya kitabuni, kama Ngoswe ya Edwin Semzaba, na kumwambia aihakiki. Mwanafunzi huyo akitoka darasani akaenda kumsikiliza Majuto, ndipo anapoelewa ubao ulikuwa ukisema nini. Kwa miaka mingi mwalimu wa Ngara na Biharamulo alikuwa na msaidizi ambaye hakuwahi kumwona wala kumshukuru.

Kwa hiyo waliomlilia Majuto hawakukosea. Kosa lao liko mahali pengine.

SAFARI YA SHILINGI

Hebu ifuatwe shilingi moja tangu mwanzo wa safari yake. Kijana wa Rulenge ameuza ndizi au kahawa kidogo. Jioni anakwenda kwenye banda la video, anatoa sarafu mlangoni, anakaa kwenye benchi na kucheka mpaka mbavu zinamuuma. Sarafu ile inamlipa mwenye banda. Inanunua mafuta ya jenereta au inalipia umeme, na inalipa kodi ya chumba. Mwenye banda naye ameinunua sidii kwa mtu aliyeichoma kutoka sidii nyingine, nayo pengine ilisafiri ndani ya lori la mizigo katika barabara ya Lusahunga kwenda mpakani. Aliyechoma amepata. Dereva amepata. Mwenye banda amepata. Katika mlolongo wote huo hakuna hata senti moja iliyorudi Tanga.

Wako watakaosema kwamba msanii alikwisha kulipwa na msambazaji mjini. Hapo ndipo penye mirija yenyewe. Desturi iliyoenea katika soko la filamu nchini ilikuwa msambazaji kuinunua kazi nzima kwa mkupuo mmoja, pamoja na haki zake zote. Msanii alipokea fedha ya mara moja, akatia sahihi, na tangu hapo kazi haikuwa yake tena. Ikiuzwa nakala mia moja au laki moja, kwake ilikuwa ni mamoja. Wengi walitia sahihi karatasi ambazo hawakuzielewa, kwa sababu njaa ya leo haina subira ya kusoma kifungu cha kumi na mbili. Mkulima anayeuza shamba lake kwa bei ya gunia moja la mahindi huonewa huruma na kijiji kizima. Msanii aliyeuza sauti yake kwa namna hiyohiyo aliitwa nyota.

Majuto alipougua, mambo haya yalitoka hadharani. Mwaka 2018, mgonjwa akiwa bado hai, Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo chini ya Waziri Harrison Mwakyembe iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ikiwamo ya Majuto, baada ya malalamiko kwamba ilikuwa ya kinyonyaji. Mwaka huohuo mgonjwa alipelekwa India kwa matibabu kwa msaada wa Serikali. Msaada huo ulikuwa wa heshima na unastahili sifa. Lakini lifikiriwe vizuri jambo lenyewe. Mtu aliyechekesha taifa zima kwa miaka sitini angekuwa na haki ya kujitibu kwa jasho lake. Kuokolewa kwa hisani ya Hazina, wakati jasho lake limo mifukoni mwa wengine, si ushahidi kwamba mambo ni mazuri.

Wala ugonjwa huu si wa Tanzania pekee. Nchini Kenya, Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang wa Vitimbi ambaye sauti yake ilijulikana hata na watu wasio na televisheni, alifariki dunia tarehe 12 Julai, 2015. Katika miaka yake ya mwisho mashabiki walilazimika kumchangia fedha za matibabu ya macho. Mfano ni mmoja pande zote mbili za mpaka: msanii anavuma ujanani, anachangiwa uzeeni, analiliwa kaburini. Penye mambo hayo matatu, malipo ya haki hayaonekani.

KIKOTOO

Watumishi wa umma na walimu hawana haja ya kufundishwa maana ya uzee usio na uhakika. Mwezi uleule aliofariki Majuto, Agosti 2018, ndipo Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulipoanza kazi baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa. Kanuni mpya zilipotaka mstaafu alipwe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, manung'uniko yalisikika kutoka kila shule na kila ofisi, na tarehe 28 Desemba, 2018 Rais John Magufuli aliagiza kikotoo cha zamani kiendelee kutumika kwa kipindi cha mpito. Mwaka 2022 kikaja kikotoo cha asilimia 33, na mwaka 2024, baada ya malalamiko mengine, kiwango kikapandishwa tena.

Walimu walikuwa na haki kulalamika. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na tano hana budi kuuliza kila senti ilikokwenda. Lakini mwalimu huyohuyo, aliyeshika kalamu kupiga hesabu ya asilimia 25 na asilimia 50, jioni hununua sidii iliyochomwa, au humpa kijana wa dukani simu yake ili arushiwe filamu kumi kwa bei ya soda. Hapo hapigi hesabu. Haulizi asilimia ya mwigizaji ni ipi. Asilimia hiyo ni sifuri. Mwigizaji hana kikotoo kibaya wala kizuri, wala hana mahali pa kupeleka manung'uniko yake.

Mtu anayedai haki yake kwa sauti kubwa na kuila haki ya mwenzake kimyakimya hana budi kuitwa kwa jina lake. Unyonyaji hauwi halali kwa sababu unafanywa na mtu mwenye shahada na mshahara mdogo.

UMASKINI SI HOJA

Utetezi wa kwanza unaotolewa ni umaskini. Inasemwa kwamba mwananchi wa Ngara au Biharamulo hawezi kumudu nakala halali, na kwamba bila sidii za kuchoma asingemjua Majuto kabisa. Utetezi huu una ukweli nusu, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uongo mzima.

Ni kweli kwamba nakala halali zilifika wilaya hizi kwa shida, na kwamba wasambazaji waliridhika na miji mikubwa. Mwaka 2013 ziliwekwa stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, lakini stempu haimsaidii mtu ambaye duka la karibu halina bidhaa yenye stempu. Hilo ni kosa la wasambazaji na la waliopaswa kuwasimamia. Lakini si kweli kwamba mwananchi hakulipa. Kijana wa Rulenge alilipa! Alitoa sarafu yake mlangoni kila jioni, kwa uaminifu, akiamini kwamba anamlipia Majuto. Fedha ilikuwapo, ikatoka mfukoni mwa maskini, kisha ikapotezwa njiani. Maskini wawili wameibiwa kwa pamoja, mtazamaji na msanii. Kuutumia umaskini wa mmoja kuwa kisingizio cha kumwibia mwingine ni kuwatukana wote wawili.

Utetezi wa pili ni kwamba hakuna sheria. Huu hauna hata nusu ya ukweli. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilitungwa mwaka 1976, nayo inataka mahali pa kuonyeshea filamu pawe na kibali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999, nayo inamlinda mtunzi pamoja na yule anayetia mwili na sauti yake katika kazi. COSOTA, iliyozaliwa na sheria hiyo ikiwa chama, tangu mwaka 2022 ni ofisi ya Serikali. Mwaka 2023 ikawekwa tozo ya hakimiliki katika vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili kazi za sanaa, ili sehemu ya fedha hiyo iwafikie wenye kazi. Kinachokosekana ni watu wa kuzifanya sheria hizo zitembee kutoka makao makuu hadi Nyakanazi na Kabanga. Watu hao ndio wasomaji wa ukurasa huu.

WAJIBU

Ofisa utamaduni wa wilaya asingoje sikukuu ndipo akumbuke kwamba kuna ngoma. Na ajue mabanda ya video na kumbi zilizomo katika eneo lake, na kazi zinazoonyeshwa humo ni za nani. Leseni ya biashara inapotolewa, mwombaji aelezwe kwamba picha na sauti ni mali kama ilivyo bati na saruji. Hakuna ofisa biashara atakayeona mtu anauza saruji ya wizi akapita anapunga mkono. Vivyo hivyo kwa mabasi ya safari ndefu, ambayo humpumbaza abiria kwa vichekesho tangu alfajiri hadi usiku.

Mwalimu naye ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuwa msomaji wa mikataba. Katika kila kata wapo vijana wanaoimba, wanaoigiza na wanaorekodi vichekesho kwa simu na kuvitangaza. Siku moja mmoja wao atapelekewa karatasi ya kutia sahihi. Mtu wa karibu anayeweza kuisoma karatasi hiyo pamoja naye, kifungu kwa kifungu, ni mwalimu. Akifanya hivyo atakuwa ameokoa uzee wa mtu mmoja, na hilo ni jambo kubwa kuliko hotuba ishirini za maziko.

Kazi ya pili ni kuzihifadhi sauti zilizo karibu. Mkoa wa Kagera una urithi mkubwa wa wasimulizi na waimbaji. Profesa M. M. Mulokozi alionyesha njia alipozifanyia utafiti tendi za enanga za Wahaya, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, na kwa kazi hiyo sauti ambazo zingezikwa pamoja na wenyewe zikabaki. Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza wanao wazee wa namna hiyo, wenye ndimi zinazonyamazisha baraza. Siku hizi chombo cha kurekodia kimo mfukoni mwa kila mwalimu. Na azirekodi, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, jina lake liandikwe, na asiondoke mikono mitupu, kwa maana mcheza kwao hutuzwa.

Mwisho kabisa ni mtazamaji mwenye mshahara. Yeye hana kisingizio cha umbali wala cha ujinga. Siku hizi kazi nyingi hupatikana kwa njia halali kwa simu, na palipo na njia hiyo, kupita njia ya wizi ni kuchagua.

Kila ifikapo tarehe 8 Agosti wako watakaomkumbuka Majuto, na watacheka tena kwa kuiga sauti yake. Na wacheke. Mwenyewe asingetaka iwe vinginevyo. Lakini wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, na dawa ya deni ni kulipa. Deni la marehemu haliwezi tena kulipwa kwake. Wapo warithi wake, na wapo wazee wenzake ambao bado wanapanda jukwaani, wanaosikika kila jioni Ngara na Biharamulo bila kupata chochote. Hao wanaweza kulipwa wangali hai. Shime, walimu na watumishi, walipwe sasa.